Jina la Hadithi za Giza

Usiku huo mwezi haukuwepo, na ziwa lilikuwa limejaa taa. Mtu wa Uvira hahitaji kuelezwa. Ukikaa kwenye mteremko, umeipa milima ya Mitumba mgongo na kutazama mashariki, unaona taa za Bujumbura zimetulia mstari mmoja ng'ambo, na upande huu taa nyingine zinazotembea: za wavuvi wa ndagala walioondoka Kalundu na fukwe jirani jua lilipozama. Binti wa mdogo wangu, wa miaka 15, alikuwa amekaa kizingitini, simu ikimwangazia uso. Alikuwa akisoma riwaya ya Kifaransa yenye msichana wa shule, kijana mzuri asiye binadamu kamili, agano la damu, na msitu usiofikiwa na jua. Nikamwuliza anasoma kitu gani. Akanitajia jina la aina hiyo ya vitabu kwa Kifaransa kilichochanganyika na Kiingereza, kisha akanigeuzia swali: "Mama mukubwa, hii kitabu inaitwaka aje mu Kiswahili?"

Nilinyamaza. Kwa miaka mingi nimekusanya maneno katika madaftari kama mama wa sokoni anavyopanga ndagala juu ya turubai, fungu kwa fungu, na usiku huo sikuwa na fungu la kumpa. Ningesema "hadithi za mapenzi", asingekubali, kwa sababu hadithi za mapenzi alizozizoea huishia harusini, na hii alikuwa anaisoma kwa pumzi ya kuibia. Ningesema "hadithi za kutisha", angenijibu kwamba haogopi, anavutwa. "Hadithi za majini" angeona ni za bibi yake. Alichokishika kilikuwa na mapenzi, hofu na ajabu katika chungu kimoja, na kiliandikwa kwa ajili ya watu wa umri wake hasa. Tangu usiku huo nimelitafuta jina lake.

Lugha nyingine nazo zimehangaika na jina hilo. Mwaka 2005 Mmarekani Stephenie Meyer alipotoa riwaya yake ya msichana na kijana mnyonya damu, aliiita Twilight, saa ile ambayo mchana umekwisha na usiku haujashika. Wafaransa walipoitafsiri waliiacha saa, wakachukua hali ya moyo: kitabu kikaitwa Fascination. Sisi tunalo neno "utusitusi", linalotaja saa na pia linatetemeka kama moyo wa msomaji; lingetosha kwa kazi zote mbili. Na mwaka 2024 neno lililounganisha mapenzi na njozi kwa Kiingereza, ambalo kwa masikio yetu ni "romantasi", liliingia katika orodha fupi ya maneno ya mwaka ya Oxford. Wenye vitabu vingi wamelazimika kuunda jina. Wenye vijana wengi wanaosoma vitabu hivyo kwa lugha za wengine, je?

Nilianza na neno ambalo mtoto wa Kongo hukutana nalo darasani mapema: "roman", riwaya kwa Kifaransa. Wengi wetu hudhani limezaliwa na mapenzi. Lilizaliwa na lugha. Katika karne za kati wasomi wa Ulaya waliandika kwa Kilatini, na watu wa kawaida walisema lugha zilizotokana na Kilatini hicho bila kufanana nacho tena. Kuweka kisa katika "romanz" kulikuwa kukitoa katika lugha ya wachache na kukiweka katika lugha ya sokoni na jikoni. Visa vilivyopendwa zaidi kwa lugha hiyo, kama vile vya Chrétien de Troyes katika karne ya 12, vilikuwa vya mashujaa, wapenzi, misitu yenye miujiza na maagano yaliyofungwa usiku. Polepole jina la lugha likawa jina la kitabu, na jina la kitabu likawa jina la hisia iliyomo. Kwa hiyo anayesema hadithi fulani ni ya "kiromantiki" anasema, bila kujua, kwamba ni hadithi iliyosimuliwa kwa lugha ya watu.

Nilipofika hapo nililiweka daftari chini. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa. Binti yangu huyu anagombana kwa Kiswahili, anaomba kwa Kiswahili, anamsimulia rafiki yake siri kwa Kiswahili. Lakini anapotaka kusoma juu ya moyo unaomwenda mbio, anavuka mpaka. Kwa maana ya kale ya neno lenyewe, yeye bado hajapewa "roman" yake.

Kiswahili kina "riwaya", na neno hili nalipenda kuliko hilo la Ulaya. Limetoka katika Kiarabu, na herufi za mzizi wake ndizo zinazobeba maana ya kukata kiu, kunywesha maji. "Rawi" alikuwa mtu aliyehifadhi mashairi ya mwingine kifuani na kuyapeleka mbali, na jina la karibu nalo lilikuwa la ngamia anayebeba maji. Msimulizi na mbeba maji walikuwa jamaa moja. Kwetu Uvira, mji uliolala kando ya mojawapo ya maziwa yenye kina kirefu kabisa duniani na ambao kina mama wake bado hutembea na madumu kutafuta maji ya kunywa, sihitaji kueleza zaidi kwa nini neno hilo ni zito. Maji mengi mbele ya macho hayamalizi kiu mpaka mtu ayachote na kuyaleta. Hadithi nazo ziko hivyo. Kwa hiyo neno la kwanza likapatikana: riwaya.

Neno la pili lilikuwa gumu, kwa sababu ndilo linalobeba sumu na asali. Wafaransa walikuwa na "roman noir", jina walilovipa vitabu vya mwishoni mwa karne ya 18 vya mahandaki, mizimu na wasichana waliofungiwa katika majumba ya mawe. Baadaye jina hilo likahamia kwenye hadithi za wauaji na wapelelezi. Ukilitafsiri neno kwa neno unapata "riwaya nyeusi", na nimeliona jaribio hilo kwenye maandishi ya vijana wenzetu. Nalikataa kwa moyo wote. Kifaransa kilipoingia nchi hii, "noir" lilikuwa neno la kuita ngozi zetu, na ngozi zetu likaziita ili kuzipanga chini. Mtoto wa Kongo asifundishwe tena, safari hii na lugha yake mwenyewe, kwamba weusi ni jina la uovu. Weusi ni rangi, na hauna kosa. Tunachokitafuta ni giza, na giza ni saa.

Na giza la kwetu lina habari zake. Mwulize mvuvi wa Kalundu, au wa Makobola, au wa Baraka kule kusini, atakwambia kwamba mwezi wake una sehemu mbili: mbalamwezi na giza. Mbalamwezi ni siku za kushona nyavu, kutengeneza mitumbwi na kulala na watoto. Giza ndiyo kazi. Ndagala hushinda mchana katika kina kirefu, na usiku hupanda juu wakifuata vijidudu vya majini wanavyovila. Mvuvi anapowasha taa juu ya maji meusi, samaki hukusanyika chini ya mwanga ule, na wavu hunyanyuliwa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umeenea ziwa zima, taa ya mtu haina nguvu tena, na samaki hawana sababu ya kuja kwake. Kwa hiyo katika lugha ya ufukwe huu, "giza limeingia" ni habari ya chakula. Ada ya shule hulipwa na giza. Hakuna mvuvi anayelisifu giza kwa kuwa lina raha. Wengi wamezama humo, upepo ukishuka kutoka milimani bila hodi. Mvuvi huliingia na taa, huliingia na wenzake, na alfajiri hurudi.

Nilipolikumbuka hilo, neno lilikaa mahali pake. Hadithi za giza, kwa maana ya mvuvi: zile ambazo mtu huziingia na taa ili alete kitu nyumbani. Msichana wa miaka 15 huko Uvira analijua giza la aina nyingine bila kulisoma popote. Amesikia risasi usiku. Wengi wa rika lake wanaukumbuka mto Mulongwe ulivyofurika katikati ya Aprili 2020, ukachukua nyumba na watu na kulivunja daraja lililounganisha mji. Anayemwambia mtoto huyo asome tu mambo ya mwanga anamwomba asahau alikozaliwa. Kinachomfaa ni hadithi inayokubali kwamba giza lipo, kisha ikamwonyesha taa inashikwaje.

Sasa "fantasia". Kamusi za fasihi za Kiswahili, ikiwemo ile ya Kyallo Wamitila ya mwaka 2003, zimetuzoesha neno hili, na wahakiki wana jingine la jirani, "uhalisia mazingaombwe", kwa kazi zinazochanganya ajabu na maisha ya kila siku. Sina ugomvi na maneno ya kuazima, na ziwa letu ndilo lililonifundisha hivyo. Mwaka 1858 wasafiri Richard Burton na John Speke walikuja kwa mitumbwi kutoka Ujiji hadi Uvira kwa sababu ya swali moja: je, mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia? Burton alitamani utoke, uende kaskazini, uwe Nile. Wenyeji wakamwambia unaingia. Mwaka 1871 wasafiri wengine, Stanley na Livingstone, wakaenda mpaka mdomo wa mto, wakaona wenyewe: unaingia. Ziwa letu linapokea Ruzizi kaskazini na kutoa Lukuga kule Kalemie, na halijawahi kuaibika kwa kupokea. Kiswahili ni ziwa la namna hiyo, na riwaya yenyewe ni maji yaliyoingia.

Lakini kabla ya kwenda kuazima kwa jirani, mtu huangalia kwanza kwenye chungu chake. Kifaransa cha dukani huita "fantaisie" mkufu usio wa dhahabu, unaong'aa wiki mbili na kuchubuka. Mtoto wa Uvira akisikia "fantasia" masikio yake yanasikia bandia. Sisi tuna "njozi". Kamusi husema njozi ni ndoto, au maono yamjiayo mtu usingizini. Vuka mpaka wa Gatumba uingie Burundi, na ndoto zinaitwa "inzozi". Sauti ni ileile, kama ndugu wawili waliolelewa fukwe mbili. Mtoto wa bonde la Ruzizi, ambaye bibi yake anasema Kirundi na mwalimu wake anasema Kiswahili, atalitambua neno hilo kabla hajafundishwa. Na njozi haidanganyi kama bandia inavyodanganya. Wazee wetu waliamka na njozi wakaiuliza inataka kusema nini. Hadithi ya njozi, basi, ni hadithi ya mambo ambayo hayakutokea na bado yanadai jibu.

Ndani ya njozi hizo wanaishi nani? Vitabu vya ng'ambo vinaleta wakazi wao, nasi tuna wetu. Tuna "jini", na mzizi wake wa Kiarabu ni kufunika, kuficha. Mzizi huohuo ulizaa jina la mtoto aliye tumboni, kwa kuwa amefichwa. Jina la bustani ya peponi, kwa kuwa imefunikwa na miti. Na "majnuni", aliyefunikwa akili, jina walilompa Kaisi kwa sababu ya Leila. Jini, pepo ya milele na wazimu wa mapenzi vimetoka nyumba moja. Kiswahili, kwa njia yake chenyewe, kimefanya jambo hilohilo: "pepo" humpanda mtu akaanguka, na "peponi" ndiko anakotaka kwenda akifa. Lugha mbili zisizo na damu moja ziligundua kwamba kinachotisha na kinachotamaniwa hulala karibu. Hii ndiyo mbegu ya kila riwaya ambayo binti yangu ameisoma chini ya shuka. Shaaban Robert aliijua alipoandika Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, akaijaza majini, watu waliogeuka mawe na ndugu waliogeuzwa manyani, na akaisimulia kwa Kiswahili kinachomwagika kama maji.

Mnyonya damu ndiye aliyenisumbua. Mtafsiri wa haraka angemwita "mumiani", na kamusi zingemuunga mkono. Neno lilitokana na Kiajemi, jina la dawa nyeusi kama lami, likaja kumaanisha damu ya watu inayotengenezwa dawa, kisha mtu anayeitafuta damu hiyo. Lakini sikiliza jinsi Afrika ya Mashariki ilivyolitumia. Wakati wa ukoloni watu wa Nairobi na Kampala walinong'ona kwamba wazimamoto, wale wa magari mekundu, hukamata watu usiku na kuwatoa damu kwa ajili ya Wazungu. Kule Katanga walinong'ona juu ya "batumbula". Mwanahistoria Luise White alizikusanya hofu hizo katika kitabu chake cha mwaka 2000. Mumiani wetu hakuwahi kuwa kijana mpole anayepiga piano. Alikuwa jina la kazi inayomaliza mwili, la hospitali isiyoeleweka, la serikali inayochukua bila kurudisha. Kumvalisha mahaba ni kufuta kumbukumbu ya watu walioogopa kwa sababu. Ningemwacha mumiani abaki alipo, na kijana wa kwenye vitabu vya ng'ambo aitwe mnyonya damu tu.

Kwa maana mpenzi wetu wa giza yupo, na ana jina. Katika miaka ya 1970, katika sebule za Lubumbashi na miji ya migodi ya Katanga, ambayo wakati huo iliitwa Shaba, ilitundikwa picha moja ukutani, nyumba baada ya nyumba. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefanya utafiti miongoni mwa wachoraji wa huko, aliikuta miongoni mwa picha zilizopendwa kuliko zote. Ni mwanamke mwenye nywele ndefu, nusu mtu nusu samaki, ameketi kando ya maji, mara nyingi nyoka amemzunguka. Kinshasa wanamjua kwa jina la Mami Wata, lililosafiri pwani yote ya magharibi. Kiswahili cha Kongo kilimwita Mamba Muntu.

Kisa chake kila mtu alikijua. Mwanamume anaokota unywele wake, au kitu chake, karibu na maji. Usiku Mamba Muntu anamjia ndotoni kukidai. Anamwahidi mali, na mali inakuja kweli: nyumba, gari, heshima. Ila kuna masharti. Siri isitoke. Mwanamke mwingine asipendwe. Siku moja deni litalipwa, na mara nyingi hulipwa kwa mtu wa nyumbani. Hebu kiweke kisa hiki kando ya kitabu chochote kati ya vile vinavyosomwa kwenye simu: mpenzi mwenye nguvu zisizo za kibinadamu, utajiri, siri, wivu, agano, bei. Hakuna kilichopungua. Kilichopo zaidi ni kwamba mchoraji wa Kongo alimpaka mtu huyo wa hatari rangi ya mwili mweupe. Sisi hatukuwahi kuhitaji kusema "nyeusi" ili kusema hatari.

Nimelitazama jina hilo kwa muda mrefu. Mchoraji amechora samaki, jina linasema mamba. Kwa nini? Nadhani jina lilitungwa na watu walioishi na maji. Samaki hamtishi mtu wa ziwani. Mamba ndiye anayelala kama gogo, na ng'ambo kwenye mdomo wa Ruzizi alikuwepo mmoja aliyekuwa maarufu hata akapewa jina la mtu, Gustave. Husemwa pia ufukweni kwetu kwamba kuna mamba wa Mungu na kuna mamba wa mtu, aliyetumwa. Kwa hiyo jina lilibeba onyo ambalo picha ililifunika kwa nywele na uzuri. Jicho linaona mrembo, sikio linasikia mamba. Wenzetu wa Tanzania wangependa kulinyoosha liwe "mambamtu". Naomba liachwe na "muntu" wake, kwa kuwa ndivyo lilivyosemwa na walioliumba. Istilahi iliyotoka Kongo iingie katika Kiswahili kikubwa ikiwa na lafudhi yake.

Limebaki neno la mapenzi lenyewe, na hapa ndipo ninapowaogopea watoto wetu hasa. Kuna vitabu ambavyo kijana wa giza humfuata msichana bila ruhusa, humnyang'anya rafiki zake, humfungia, kisha ukurasa unaofuata huyaita hayo yote mapenzi. Msichana anayesoma akiwa na neno moja tu kwa ajili ya mambo hayo hana pa kusimama. Kiswahili hakina neno moja. Kina "mahaba" na kina "ashiki". Mahaba yametoka katika herufi za Kiarabu ambazo pia ni za neno la punje, mbegu; ndizo zilizotupa "haba", ile ya haba na haba hujaza kibaba. Ashiki nayo, wanakamusi wa kale wa Kiarabu waliihusisha na jina la mmea mtambazi unaojisokota kwenye mti, ukapanda nao, mpaka mti ukakauka. Yote mawili huota. Mbegu hujaza kibaba polepole, mtambazi humnyonga aliyembeba.

Sisemi ashiki iondolewe kwenye vitabu. Bila ashiki hakuna giza, na msomaji wa miaka 15 ana haki ya kujua kwamba kitu hicho kipo na kwamba kinavutia. Nasema mwandishi aijue anapoiandika, na msomaji awe na jina la kuitambulia. Maneno mawili badala ya moja yanaweza kumpa binti sekunde moja ya kufikiri, mlangoni, usiku, kabla hajafuata mtu.

Na msomaji huyu tumwite nani? "Tineja" limeingia kwa mlango wa mashariki, "ado" kwa mlango wa Kifaransa. "Chipukizi" ni zuri, lina majani. Ila pwani walikuwa na desturi iliyonifundisha zaidi ya jina. Msichana aliyevunja ungo aliitwa mwali, akawekwa ndani, kwenye giza la chumba, na mwanamke mwingine asiye mama yake akapewa kazi ya kumweleza yale ambayo mama huona haya kuyasema. Mwanamke huyo aliitwa kungwi, na pia aliitwa "somo". Neno hilohilo, somo, ndilo tunalolitumia kwa funzo la darasani na kwa kipande kinachosomwa kanisani. Mtu anayekuingiza katika siri za utu uzima na kitu unachokisoma vimeshika jina moja. Chumba cha mwali kimefungwa katika nyumba nyingi. Simu imebaki wazi. Vitabu vya giza vimechukua kazi ya somo kwa sababu sisi mama wakubwa, shangazi na mabibi tuliiacha.

Tuliiacha kwa hofu, na hofu hiyo ina historia. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mtoto wa kisiwa cha Ukerewe katika ziwa jingine la kwetu, alichapisha Rosa Mistika, riwaya ya msichana aliyelindwa kwa ukali wa baba hata asijue dunia, na aliyeipata dunia hiyo kwa gharama ya maisha yake. Ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Vijana waliisoma hivyohivyo, kwa kuibia, bila mkubwa wa kuzungumza naye, ndilo jambo lenyewe ambalo kitabu kilikuwa kikilionya. Kuzima taa hakuliondoi giza. Sikio la Kiswahili haliwezi kusikia "mzimu" bila kusikia "kuzima" karibu yake, na nadhani hadithi iliyozimwa ndiyo inayorudi kututembelea usiku.

Basi nimefika kwenye neno lililobeba kazi yenyewe: istilahi. Ni la Kiarabu, na mzizi wake ni ule uliotupa "sulhu", "suluhu", "maslahi". Istilahi kwa asili yake ni mapatano, watu waliokubaliana kukiita kitu kwa jina moja ili wasigombane tena juu yake. Katika nyumba zetu kuna ugomvi juu ya vitabu hivi. Mzazi anaona shetani, mtoto anaona moyo wake mwenyewe, na kila mmoja ana jina lake kwa kitu kimoja. Hapo ndipo istilahi inapohitajika kwa maana yake ya kwanza. Pendekezo langu ni hili: rafu iitwe "riwaya za njozi na mahaba", na zile zinazokwenda mahali pa hatari ziitwe "hadithi za giza", kwa maana ya giza la wavuvi. Mzazi atasikia kwamba hatari imetajwa. Mtoto atasikia kwamba hajakatazwa kwenda ziwani.

Nilimrudia binti na jibu mwezi uliofuata, giza lilipoingia tena. Alikuwa pale pale kizingitini. Alilijaribu jina mara mbili mdomoni, hadithi za giza, akatazama taa za wavuvi, akatikisa kichwa kukubali. Nikamwomba anisogezee nafasi. Nikakaa, nikamwambia anisomee anapopapenda, na anifasirie kwa Kiswahili chake. Akasoma mahali ambapo yule kijana wa msituni anamwambia msichana asionane tena na dada yake, kwa sababu anampenda mno. Nikamweleza habari za mbegu na mtambazi, kisha nikauliza hapo ni mahaba au ni ashiki.

Hakunijibu upesi. Alirudi nyuma kurasa mbili, tatu, akasoma kimya, kidole kikipanda na kushuka kwenye kioo cha simu. Kule ziwani taa mbili zilikuwa zimesogeleana, wavu unanyanyuliwa.

"Hapa ni ashiki," akasema. "Lakini kule mwanzoni, mama mukubwa, ilikuwa mahaba. Ngoja nikuonyeshe ilibadilika wapi."